Mwaka na ushee na kompyuta ya mnanaa: Linux Mint kwenye steshenari yangu Mtwara

Nianze na alama kabisa ili mwenye haraka zake aishie hapa. Linux Mint, yaani mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows, naipa nyota nne kwa tano, LibreOffice, programu za kuandikia zilizokuja ndani yake, tatu na nusu, na mpwa wangu aliyeniwekea hivi vitu nampa tano halafu namkata moja maana ukimpigia simu mchana hapokei mpaka jioni. Wenye muda tuendelee.

Mi nina steshenari hapa Mtwara mjini, Chuno. Sio kubwa, meza mbili, mashine ya kopi moja, printa mbili, ya rangi na ya nyeusi, mashine ya laminesheni na laptopu moja ambayo ndo naiongelea leo. Kazi zenyewe ni hizi mnazozijua, kutoa kopi, kuchapa, kuprinti risechi za wanachuo, barua za serikali ya mtaa, mihtasari ya vikao vya AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, mikataba ya kupanga, kuombea watu ajira na mikopo ya chuo kwenye mitandao ya serikali, na ukifika msimu wa sherehe kadi za michango mpaka unazichukia. Kwahiyo msitegemee rivyuu ya mtu wa IT hapa, hii ni rivyuu ya mtu ambaye mteja kasimama mbele yake kashika mia tano na anasema fanya haraka kaka bodaboda inanisubiri.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad ya zamani, used, ilinunuliwa Kariakoo ikaja na basi. i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka inayokwaruza kama panya darini. Ina kibodi nzuri hiyo siwezi kuificha, nimewahi kuchapa kurasa arobaini siku moja vidole havikuuma. Ila ilikuwa na Windows ya fundi. Nyie mnajua Windows ya fundi ni nini, unampelekea mashine, anachomeka flashi yake, anapiga window, anakuwekea na vikorokoro vyote, programu ya kuandikia, ya picha, antivairasi ambayo yenyewe ndo kirusi, unampa elfu ishirini mnaachana. Windows halali sina ugomvi nayo maana kwa kweli sijawahi kuwa nayo siku hata moja, nadhani wengi wetu huku tukisema Windows mbaya tunakuwa tunaisema ya fundi.

Hiyo ya kwangu ilikuwa na mambo yake. Ukiweka bando asubuhi la kumuombea mtu ajira, kabla hujamaliza kuingiza namba ya NIDA bando limeshaisha, sijui kuna dude gani lilikuwa nyuma linavuta tu. Kila baada ya siku kadhaa linatokea tangazo kwenye kona linakwambia nakala yako sio halali, na linatokea wakati mteja anaangalia skrini, unajifanya hujaliona na yeye anajifanya hajaliona. Niliishi hivyo miaka mitatu. Fundi kila nikimpelekea dawa yake ni moja, anapiga window upya, elfu ishirini nyingine.

Huku kwetu tuna neno la biashara ya namna hii. Kangomba. Kwa wasiotoka kusini, kangomba ni yule mtu anakuja kwa mkulima kabla ya msimu wa korosho, mkulima ana shida ya hela, anamnunulia korosho zake kwa kipimo chake mwenyewe cha kuungaunga na bei yake mwenyewe, halafu msimu ukifunguliwa yeye ndo anazipeleka ghalani anavuta hela ya mnada. Imepigwa marufuku lakini njaa haisomi matangazo. Sasa programu za kuibiwa naziona vile vile. Unaipata rahisi siku unayoihitaji, halafu unailipa kidogo kidogo kwa bando, kwa muda, kwa mafaili ya wateja yanayopotea, na kipimo anacho mwingine.

Kilichonifungua macho kwanza sio hata hiyo, ni Mei 2024. Mnakumbuka ule mwezi. Kimbunga Hidaya kikapita mwanzoni mwa mwezi, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi na malori yakakwama, rimu za karatasi nilizoagiza zikakwama nazo. Nikasema sawa, karatasi ninazo chache nitabana. Tarehe 12, Jumapili, nyaya za intaneti za baharini zikakatika, SEACOM na EASSy kwa pamoja, intaneti nchi nzima ikawa ya kudonoa. Jumatatu asubuhi nikafungua duka. Mi nilikuwa nimeona ujanja, mafaili yote ya wateja nimeyaweka mtandaoni ili hata mashine ikifa yasipotee. Wanakuja watu wa kikao, nipe ule muhtasari wetu wa wiki iliyopita tusahihishe jina moja tu. Jina moja. Faili lipo, nalijua lilipo, nikibonyeza linazunguka tu. Nikawachapia upya kurasa nne bure, na karatasi zenyewe ndo zile za kubana. Toka siku hiyo nikaapa kitu cha mteja kitakaa hapa ndani ya mashine, na programu nitakayotumia iwe inafanya kazi hata kama bahari imekasirika.

Februari 2025 mpwa wangu, mtoto wa dada, akaja likizo. Anasoma mambo ya kompyuta. Sasa sisi Wamakonde mjomba ndo mwenye sauti, mjomba akisema kimekwisha, ila kwenye kompyuta naona ukoo umepinduka. Akaiangalia ile laptopu dakika tano akaniambia, "Mjomba, hii mashine ni nzima, inayoumwa ni hiyo Windows yenu ya mtaani." Akanieleza kwamba hata nikisema ninunue halali, Windows 10 ilikuwa inaachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwenye hii mashine haiwezi kuwekwa kwa njia ya kawaida kwa sababu inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na kile kichipu cha usalama wanakiita TPM 2.0. Nikamuuliza kwahiyo niitupe. Akacheka.

Akashusha Linux Mint usiku kwa bando la usiku, karibu GB 3, akaiweka kwenye flashi. Akanishauri na diski nibadilishe, nikatoa hela nikanunua SSD ndogo ya GB 256, hapo nilinung'unika kidogo ila ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Aliniwekea toleo la Xfce, akasema hizi Mint zipo za sura tatu na hii ndo nyepesi kwa mashine ya GB 4. Mint yenyewe imejengwa juu ya Linux nyingine inaitwa Ubuntu, na Ubuntu ni neno la Waafrika Kusini, ni utu huu huu wetu. Halafu mint ni mnanaa. Kwahiyo mi hapa dukani naiita kompyuta ya mnanaa, na wateja wameshazoea.

Kuiweka ilichukua chini ya nusu saa, mi nimeenda kununua ming'oko pale barabarani nimerudi nakuta imeshawaka. Jambo la kwanza nililoliona ni ukimya. Hakuna kinachotokea konani. Hakuna tangazo, hakuna cha sasisha sasa au baadaye. Kuna kingao kidogo pale chini kulia, kukiwa na masasisho kinawekewa alama, basi, kinakaa pale kinakusubiri. Inachungulia mtandaoni kidogo kujua kama kuna jipya, lakini kushusha haishushi mpaka wewe mwenyewe ubonyeze. Mi nabonyeza Jumapili usiku, nimeweka bando la kazi hiyo tu. Wenzangu wanaotumia waya wa faiba nyumbani hawawezi kuelewa furaha ya mtu ambaye bando lake la asubuhi linafika jioni.

Halafu suala la flashi. Hili peke yake lingetosha kuipa nyota nne.

Mtu yeyote mwenye steshenari anajua ule ugonjwa wa shotikati. Mwanachuo anakuja na flashi, ukiichomeka unaona kitu kimoja tu ndani, shotikati, ukibonyeza unakuwa umeshaambukizwa na wewe, na kila flashi itakayokuja baada ya hapo unaipa zawadi. Mwezi wa sita mwaka jana akaja binti mmoja wa mwaka wa tatu, ameshapita duka lingine wameshamwambia flashi hiyo ifomatiwe, yaani ifutwe yote. Macho mekundu. "Kaka, risechi yangu yote imekuwa shotikati." Nikaichomeka kwenye mnanaa. Kile ambacho kule kilikuwa kimefichwa huku kinaonekana chote tu, kwa sababu ule ufichaji ni alama ambayo Windows inaiheshimu, Linux inaipita kama haioni. Kulikuwa na folda moja halina jina, yaani jina lake ni nafasi tupu, unaweza kudhani ni kosa la macho. Nikalifungua. RISECHI FINAL. RISECHI FINAL 2. RISECHI FINAL KABISA. RISECHI FINAL YA SUPAVAIZA. Pembeni kuna kafaili kenyewe ka kirusi kanaishia na vbs, kamelala tu kama kaa aliyegeuzwa chali, huku hakana wa kumtuma. Nikamhamishia vyake, nikafuta takataka, nikamrudishia. Yule binti alikaa chini kwenye kile kibenchi changu dakika nzima hajasema kitu. Siku hizi ni huduma rasmi, KUOKOA FLASHI 1,000, nimebandika ukutani, na wanaletwa mpaka na wale wa duka lililosema ifomatiwe. Sisemi Linux haishikwi na virusi kabisa, watu wa mtandaoni wanapenda kudanganya hapo, nasema hivi vya mitaani vya kwenye flashi vimetengenezwa kwa ajili ya nyumba nyingine, vikija hapa havijui mlango uko wapi.

Tuje kuchapa sasa, maana ndo ugali wangu.

LibreOffice Writer kwa kazi zangu inatosha. Barua, mihtasari, mikataba, CV, inatosha na inabaki. Ukitaka historia, hii LibreOffice ilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, na hiyo OpenOffice sisi Watanzania tuna historia nayo, mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Mi menyu nimeziacha za Kiingereza, sio kwa ushamba, ni kwa sababu mpwa akinielekeza kwa simu anasema nenda Tools, halafu AutoCorrect, sasa zikiwa Kiswahili tutaanza kutafutana. Ila kamusi ya kuangalia makosa nimeweka ya Kiswahili na hapo ndo niliposhangaa. Miaka yote nimechapa Kiswahili kurasa nzima imepigwa mistari myekundu kama daftari la mtoto aliyefeli, mpaka macho yamezoea kuipuuza, kwahiyo hata kosa la kweli huoni. Ukiweka kamusi ya Kiswahili mistari inapungua sana. Haiishi, maana kitenzi chetu kimoja kinaweza kuzaa watoto mia, wasipolipwa, atakayemkabidhi, hapo kamusi inatoa jasho na baadhi inavipigia mstari japo viko sawa. Na majina ya kwetu haiyajui, Nanguruwe, Kitangari, hayo unaiongezea mwenyewe mara moja inakumbuka. Ila sa hivi nikiona mstari mwekundu nauamini, na juzi umeniokoa kwenye barua ya mheshimiwa ambayo nilikuwa nimeandika "Yah: Kuomba Kibaki" badala ya kibali.

Sasa kasheshe. Kuna kitu humo kinamalizia maneno. Yaani ukishaandika neno refu mara moja kwenye faili, lile la herufi nane kwenda juu, ukianza kuliandika tena herufi chache za mwanzo inakuletea lililobaki, unagonga Enta linajaa. Kwa muhtasari wa kikao ni raha tupu, Mwenyekiti, Halmashauri, stakabadhi, unagonga mwe, Enta, hal, Enta, mikono inaruka. Nikanogewa. Akaja mzee mmoja mwenye nyumba Ligula na mpangaji wake, mwalimu, nikawachapia mkataba. Sasa kwenye mkataba wa nyumba yapo maneno mawili, mpangaji na mpangishaji. Yote yanaanza mpang. Mi kidole changu kimeshazoea kukimbilia Enta.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, wazee wa hivyo wanasoma kwa sauti. "Mpangishaji atalipa kodi ya miezi sita kwa mpangishaji kabla ya tarehe moja." Kimya. Akaendelea mpaka chini. "Endapo mpangishaji atachelewa kulipa, ataondolewa ndani ya nyumba." Akashusha miwani akaniangalia. "Kijana, na mimi unanitoa kwangu?"

"Hapana mzee wangu, samahani sana, ni hapa nimeteleza kidole."

Mwalimu yeye alisema mkataba uko vizuri sana usainiwe hivyo hivyo. Tulicheka ila jasho lilinitoka, maana mkataba mwingine kama huo nilikuwa nimeshamkabidhi mtu asubuhi yake, nikaanza kumtafuta Magomeni yote. Kosa ni langu, chombo kinapendekeza tu, anayegonga Enta ni mimi. Kukizima unaenda hapo hapo Tools, AutoCorrect Options, Word Completion, unaondoa tiki. Mi sijakizima, nakizima nikichapa mikataba ya nyumba tu, mihtasari nakirudisha. Na kingine humo humo, ile tabia ya kuweka herufi kubwa baada ya nukta, ukiandika Sh. laki mbili inakufanyia Laki. Hiyo nimeizima moja kwa moja.

Fonti. Hapa ndo nusu nyota ya LibreOffice ilipokwenda na sio kwa kosa lake peke yake. Mwanachuo ameandika risechi kwake kwa Word, anakuja nayo kwangu kuprinti, kwake zilikuwa kurasa 64, kwangu 66, jedwali la yaliyomo linasema sura ya nne iko 31 na yenyewe iko 32. Mtu anakuona wewe ndo umemharibia. Chanzo chake ni kwamba fonti kama Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, haziji na Mint, kwahiyo inaweka mapacha wake, Carlito na Caladea, ambazo zimetengenezwa herufi zake ziwe na upana ule ule ili mistari isisogee. Hizo zinaenda vizuri. Times New Roman nayo ina pacha wake, Liberation Serif, na vyuo vingi wanataka hiyo hiyo Times kwahiyo mara nyingi hakuna shida. Shida inakuja na Word mpya ambazo zinaanza na Aptos, hiyo kwangu sina pacha wake, mashine inachukua yoyote iliyo karibu, mistari inasogea. Nimeshaacha kubishana. Nimebandika karatasi, RISECHI ILETWE KWA PDF, kwa herufi kubwa, na chini yake kwa mkono nimeandika hata kama ni ya kaka yako.

Kadi za michango nazo, usitegemee miujiza. Wale tuliozoea kutengenezea kwenye Publisher, hapa hiyo haipo, faili lake unaweza kulifungua kwa LibreOffice Draw ila uwe tayari kupanga upya maua na majina. Mi nilikaa usiku tatu nikazitengeneza sampuli zangu upya kuanzia mwanzo, harusi, kipaimara, maulidi, ngoma za watoto, na sasa hivi nabadilisha majina tu. Microsoft wenyewe wametangaza Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, kwahiyo na nyie mtazitengeneza tu, mi nimewatangulia. Za picha natumia GIMP, paspoti saizi nane kwenye karatasi moja nimezipata baada ya kutukana sana. Mtu ambaye mkono wake umekulia kwenye Photoshop atateseka, na Photoshop haina toleo la Linux, nisimdanganye mtu.

Umeme. Gesi ya Mnazi Bay iko hapa hapa kwetu, bomba likajengwa likaenda mpaka Dar, ila mi bado umeme ukikatika nasikia printa inasema tii halafu nasikia moyo wangu. Betri ya hii laptopu inakaa dakika kumi na mbili, nimehesabu. LibreOffice inahifadhi nakala ya dharura yenyewe kila baada ya dakika kumi, hapo ndo mpwa aliniambia ishushe iwe mbili, nikashusha. Toka hapo kazi kubwa niliyowahi kupoteza ni aya moja. Na kuwaka, ile SSD jamani, zamani umeme ukirudi unawasha unaenda kunywa chai unarudi bado inazunguka, sasa hivi kabla mteja hajamaliza kulalamika kuhusu umeme mi nimeshafungua faili lake.

Mitandao ya serikali yote ninayoitumia inafunguka kwenye Firefox iliyomo, maombi ya ajira, mikopo, leseni za biashara, sijakwama kwa sababu ya Linux hata siku moja. Nikikwama ni kwa sababu zile zile zinazokukwamisha na wewe.

Kinachonikera mpaka leo ni skana. Printa ya nyeusi niliichomeka ikatambulika yenyewe, sikuweka hata diski. Ya rangi, kampuni sitaitaja, inaprinti vizuri kabisa lakini upande wa kuskani imegoma. Mpwa amehangaika nayo kwa simu siku mbili, ananitumia mistari ya amri kwa WhatsApp naibandika kwenye lile dirisha jeusi, wateja wananiangalia wanadhani nahamisha hela za benki. Ikashindikana. Kwahiyo vyeti naskani kwa simu halafu narushia kwenye mashine kwa waya. Inafanya kazi, ila ni kazi mbili kwa bei moja, na mteja akiona unapiga cheti chake picha kwa simu anakuuliza si bora ningepiga mwenyewe. Hiyo ndo nyota niliyoikata Mint, japo najua fundi wa kampuni ya printa ndo angetakiwa kulaumiwa. Kama unataka kuhamia, kabla hujafuta chochote iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuiweka, inawezekana, ujaribu printa na skana zako zote. Mi sikujaribu, nilikuwa nakula ming'oko.

Na hili la bure. Watu wananiuliza umenunua shilingi ngapi, nikisema bure wanapunguza heshima hapo hapo. Mzee mmoja wa bandarini aliniambia kitu cha bure kina mwenyewe, utamjua baadaye. Nikamwambia huyu mwenyewe nimeshamjua, ni mpwa wangu. Maana ukweli ni huo, programu haikunigharimu hata senti ila bila yule kijana nisingefika popote, na akiwa chuoni nakaa na tatizo mpaka jioni. Mafundi wa mtaani hapa, ukiwapelekea Linux, wanaigeuzageuza halafu wanakwambia tupige window tu kaka. Lakini tofauti ipo, zamani tatizo likitokea nilikuwa nalipa elfu ishirini na sijui alifanya nini. Sasa hivi naelezwa, naandika kwenye daftari, likirudi mara ya pili nalimaliza mwenyewe. Daftari limefika ukurasa wa kumi na tisa.

Oktoba iliyopita, wakati watu wako bize na minada ya korosho, wengi wakaanza kuona zile taarifa kwamba Windows 10 imefika mwisho. Wiki iliyofuata nikaanza kupata wageni. Dada wa duka la vocha la jirani, mwalimu yule wa mkataba, kijana wa AMCOS mmoja. Wote wanataka kuiona tu ile ya kijani, wanabonyezabonyeza, wananiuliza hii Windows ya ngapi.

Halafu jana jioni nafunga duka, akaja yule fundi. Yule yule wa elfu ishirini. Akasalimia, akavuta kibenchi, akazungumza habari za mvua, akazungumza bei ya SSD, nikawa namwangalia tu. Mwisho akatoa flashi mfukoni.

"Kaka, ile ya mnanaa, faili lake unalo?"

Nikaichomeka. Ilikuwa na shotikati, ndani yake folda halina jina. Nikaisafisha kwanza, nikamkopia na hiyo GB 3 yake, nikamwonyesha ukutani palipoandikwa 1,000. Akalipa.